Ua Lililoifuta Makala

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kati ya meza mbili za vyungu, mkono mmoja umenyooshwa mbele kama wa mtu anayeomba apewe kitu. Kisogoni palikuwa na jeraha moja tu. Moja lilitosha.

Inspekta alisimama mlangoni mwa nyumba ya vioo akifuta jasho. Jua la asubuhi lilikuwa halijapanda sawasawa, lakini humo ndani palishachemka. Hakupenda mimea, na mimea haikumpenda. Kila mche aliowahi kupewa kama zawadi ulikufa mikononi mwake. Kituoni walimwita Mama Polepole kwa sababu hakuwahi kumkimbilia mtu, na wengi wa aliowakamata walijuta kuichukulia polepole hiyo kuwa uzembe.

"Marehemu ni Mhariri Mkuu wa jarida la sayansi ya mimea," alisema Sajini. "Ofisi zao ndizo zile, ng'ambo ya bustani. Mfagiaji ndiye aliyemkuta."

Daktari wa polisi aliinuka, magoti yakilia. "Kapigwa kutoka nyuma. Kitu cha chuma. Jana jioni, kabla ya giza."

Kitu chenyewe hakikwenda mbali. Kilikuwa kimeegeshwa ukutani mahali pake: chuma kirefu cha kufungulia madirisha ya paa. Kilikuwa kimefutwa kikang'aa, wakati kila kitu kingine mle kilikuwa na vumbi.

"Alama za vidole tusahau," Sajini alinung'unika.

Inspekta alikuwa anatazama safu ya vyungu mbele ya mkono wa marehemu. Vyote vilikuwa na mmea uleule wa kutambaa, isipokuwa kimoja. Hicho kilikuwa na udongo mtupu, umesawazishwa vizuri. Hakuna jani lililodondoka, hakuna mzizi uliokatikia ndani, wala punje ya udongo mezani.

"Sajini, ukitaka kuiba mmea utafanyaje?"

"Nabeba chungu chote, Afande. Au nang'oa nakimbia."

"Huyu ameua mtu, halafu akasimama kuukung'uta udongo kwenye mizizi, akaurudisha chunguni. Mwizi gani huyo?"

"Mwizi msafi."

Chini ya meza palikuwa na penseli. Inspekta aliitia kwenye mfuko wa vielelezo, akaagiza jengo la ofisi nalo lifungwe kwa lakiri ya polisi, kila chumba, mpaka atakaposema mwenyewe.

Mtu wa kwanza kushukiwa alijileta kwa sifa zake. Alikuwa mtafiti wa uyoga, na wote pale walimwita Bwana Uyoga. Jarida lilikuwa limezikataa makala zake mara kadhaa, na juzi alisimama getini akapiga kelele kwamba kuna mtu atajuta. Jana mlinzi alimwona akiingia bustanini jioni. Mkuu wa kituo hakutaka kusikia zaidi. Alitaka afunguliwe mashtaka kesho yake.

"Kwa nini walikukataa?" Inspekta alimuuliza.

"Kwa sababu uyoga si mmea!" Bwana Uyoga aligonga meza. "Kila mara jibu hilohilo. 'Jarida letu linahusu mimea tu.' Nikapeleka kwenye jarida la wanyama, nako wakanicheka. Sasa uyoga wangu niupeleke wapi, Afande, kwenye jarida la mawe?"

"Ukamuua."

"Nilikwenda kumwomba msamaha kwa zile kelele. Hata hakunisikiliza! Alinivuta mkono kama mtoto nikaone ua. 'Njoo uone, njoo uone.' Mimi na maua wapi na wapi?"

Inspekta aliweka kalamu chini. "Ua gani?"

"La zambarau, na koo la njano. Kwenye ile mimea yake ya kutambaa, mmoja tu ulikuwa umechanua. Nilimwacha amekaa mbele yake, gazeti gotini na penseli mkononi, anajaza fumbo la maneno na kucheka peke yake. Nikajua mzee umri umemfikia."

Penseli walikuwa nayo. Gazeti halikuonekana popote, na ua halikuwepo.

Aliyefuata alikuwa meneja wa jarida, mwanamume mnadhifu aliyeitwa Bwana Kipimo kwa sababu hakuwa na maneno mengine. Kila mwaka, alieleza, majarida hupimwa kwa jinsi makala zake zinavyonukuliwa na watafiti wengine. Kipimo kikipanda, vyuo vinalipia na watafiti wanapanga foleni. Kikishuka, mnafunga milango.

"Jarida lisilonukuliwa ni debe tupu, Afande."

"Debe tupu si ndilo lenye kelele?"

Hakucheka. "Sisi tunanukuliwa sana. Hasa kwa makala moja, ile ya kunde pori na ukame. Kila anayeandika habari za ukame anaitaja."

"Na wasiotaka kuitaja?"

Bwana Kipimo alirekebisha tai ambayo haikuwa na kasoro. "Tunawaomba waandishi wapya wataje makala zetu za nyuma."

"Wakikataa?"

"Makala zao... hukawia kidogo."

"Mnanunua sifa."

"Hatulipi hata senti!"

"Najua. Wanaolipa ni wao."

Jasho lilimtoka, na humo kituoni hapakuwa na joto. Inspekta alimwacha ajiloweshe kwanza. "Mhariri Mkuu alitaka nini wiki hii?"

"Alisema kuna makala tutaiondoa. Tutangaze kwamba si sahihi. Hakutaja ipi. Nilimwambia tusiharakishe, tukaonekana wajinga mbele ya dunia. Tukagombana, ndiyo. Lakini jana jioni nilikuwa kwa wachapaji, waulize." Akaongeza kwa uchungu wa kweli: "Kila mtu anadhani tuna pesa. Tangu kiangazi kianze hakuna hata mtu mmoja aliyekwenda porini kukusanya mimea. Bajeti imekauka kuliko nchi."

Wachapaji walithibitisha. Lakini Inspekta hakumfuta kwenye mawazo yake; mtu anaweza kuwa kwa wachapaji na mkono wake ukawa kwingine.

Naibu Mhariri alikuja kwa hiari yake, macho yamevimba. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, kucha zake fupi kama za mpishi. Alikuwa mwanafunzi wa marehemu tangu ujana, na nyumbani kwake alikula kama mtoto wa kuzaa.

"Ile mimea vyunguni ni mimea gani, Dokta?"

"Kunde pori."

"Ile ya kwenye makala maarufu? Nani aliiandika?"

"Mimi." Alisema bila kujivuna. "Nilionyesha kwamba miche yake inavumilia kiu kuliko kunde zote. Mbegu nilipewa na Mwalimu mwenyewe."

"Huwa inatoa ua la namna gani?"

"La njano," alijibu haraka. "Njano tupu."

"Marehemu alikwambia kuna makala anataka kuiondoa?"

"Hapana, Afande. Mimi na yeye hatukufichana. Ningejua."

Alipokwisha kutoka, Sajini hakuweza kuvumilia. "Afande, ni yeye! Makala yake ndiyo inayoondolewa."

"Na ni hiyohiyo inayomlisha Bwana Kipimo. Na Bwana Uyoga alikuwepo. Nipe ushahidi, Sajini. Kumshuku mtu hata mke mwenzangu angeweza, na angekuwa na sababu nzuri zaidi."

Usiku ule Inspekta alilala vizuri, kama kawaida yake. Alipofika kwenye jengo asubuhi alimkuta Naibu amekwishafika, amesimama mbele ya mlango wenye lakiri.

"Afande, naomba uniruhusu niingie chumba cha mimea mikavu. Dakika chache tu."

"Kuna nini?"

"Kazi." Alijitahidi kutabasamu. "Mmea ukitaka kuuhifadhi unaulaza ndani ya karatasi, unaubana kwa mbao na mikanda. Karatasi zinafyonza maji. Zisipobadilishwa kila siku, mmea unakuwa mweusi, unaota ukungu. Unakufa mara ya pili."

"Yote?"

"Ile mibichi tu. Ikishakauka haina shida."

"Basi twende. Nitakushikia mikanda."

"Si lazima ujisumbue, Afande, pana vumbi..."

"Mimi nimezoea vumbi."

Chumba kilikuwa kirefu, kabati mpaka darini, na mwisho wake palikuwa na meza yenye mafungu ya mbao zilizobanwa kwa mikanda. Naibu alianza na fungu la juu. Alilifungua, akatoa karatasi na kuweka nyingine. Karatasi aliyoitoa ililia kama mkate mkavu.

Inspekta alitia kidole kwenye fungu la pili. Kavu. La tatu, kavu. Akasema taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Meneja wenu anasema tangu kiangazi kianze hakuna aliyekwenda porini. Hii mibichi imetoka wapi, Dokta?"

Naibu alikuwa amesimama mbele ya fungu la chini kabisa, ameliziba kwa sketi yake, kama mama anavyomziba mtoto aliyevunja kikombe.

"Sogea, mwanangu," Inspekta alisema.

Alisogea.

Fungu lile lilikuwa na unyevu. Ndani yake, kwenye gazeti la siku ya mauaji, ulilazwa mmea mzima na mizizi yake, imesafishwa nywele kwa nywele. Majani yalikuwa yamepangwa, mengine yakionyesha mgongo. Ua la zambarau lilikuwa limefunguliwa kwa subira, petali moja imekunjuliwa nje ili koo la njano lionekane. Pembeni, chini ya shina, palikuwa na fumbo la maneno lililojazwa nusu kwa penseli.

Hata Sajini, aliyekuwa mlangoni, alisogea kutazama. Kazi ile ilikuwa nzuri, na uzuri wake ulitia hofu.

"Ungeuchoma," Inspekta alisema. "Ungeutupa chooni. Tusingekuwa na kitu."

"Nilikwenda nao mpaka jalalani." Naibu alikaa sakafuni, pale pale. "Nilikuwa na kiberiti. Afande, mmea huu haumo kwenye kitabu chochote. Hakuna mtu aliyewahi kuuona ukichanua. Ningeuchomaje?"

Kituoni alikiri yote bila kusukumwa. Watafiti wa mbali walikuwa wameirudia kazi yake, na kunde pori zao zilinyauka. Wakamwandikia Mhariri Mkuu. Mzee akachukua mbegu zilezile za zamani, akaziotesha mwenyewe, na akafanya jambo ambalo Naibu hakulifanya: aliiacha miche ikue.

"Sisi tulipima miche. Tukishapima tunang'oa, tunaandika. Kila mtu alikuwa na haraka ya kuchapisha, na mimi nilikuwa na haraka kuliko wote. Ningesubiri ua moja tu, ningejua kwamba si kunde pori."

"Akakuita."

"Aliniita jioni. Akasema, 'Makala yako tunaiondoa.' Huku anatabasamu!" Sauti yake ilipasuka. "Maisha yangu yote ni makala ile. Uprofesa wangu, wanafunzi wangu, jina langu kila linapotajwa. Anavunja nyumba yangu, anatabasamu! Halafu akanigeuzia mgongo, akanyoosha mkono kwenye ua, eti nilitazame. Chuma kilikuwa pale. Niliona tabasamu lile tu, sikuona kitu kingine."

Inspekta alimaliza kuandika maelezo, akamsomea, naye akatia sahihi. Mkuu wa kituo akamwachia Bwana Uyoga, ambaye alitoka akilalamika kwamba hakuna aliyemwomba radhi.

Mjane wa marehemu alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi, amekuja kuchukua miwani na saa ya mumewe. Inspekta alimweleza mwenyewe, maana habari ya namna ile huwezi kumwachia Sajini. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba amwone.

"Sheria hairuhusu, Mama."

"Nimemlisha miaka mingi. Nataka nimwulize neno moja."

Inspekta alimtazama, akamfungulia mlango.

Naibu alipomwona alifunika uso. "Mama, nisamehe."

"Sijafika huko." Mjane alibaki amesimama. "Niambie. Alipokwambia makala inaondoka, alikwambia na jambo la pili?"

"Jambo gani, Mama?"

"Siku ile asubuhi hakumaliza hata chai. Alisema, 'Leo namwita binti yangu. Namwambia makala inaondoka, na kosa nitatangaza kuwa ni langu, kwa sababu mbegu nilimpa mimi na kibandiko nilikiandika mimi. Halafu namwonyesha ua. Mmea huu hauna jina duniani, na wa kuupa jina ni yeye. Atanukuliwa mpaka wajukuu zetu wazeeke.' Alikuwa na furaha kama mtu anayemwoza binti. Ndiyo maana nakuuliza. Alikwambia?"

Naibu alikuwa akitazama mkono wake wa kulia, umenyooka juu ya meza kama ule wa mzee kwenye safu ya vyungu.

"Nilidhani ananicheka," alisema mwishowe.

Mjane alisubiri kidogo, labda kulikuwa na zaidi. Hapakuwa na zaidi. Akamgeukia Inspekta, akaomba apewe miwani ya mume wake aende nyumbani.