Jaji Odile na Jina la Lorena

Watu walikuwa wamejaa pomoni kwenye sherehe ya kula kamba wa mtoni pale Bayou Cerise, Louisiana. Akodioni zinalia, masufuria yanafuka pilipili, na katikati ya msongamano Odile Richard, ndani ya gauni la manjano na kofia pana ya ukili, anagawa mapepeo ya karatasi yenye picha yake: MCHAGUENI JAJI ODILE.

Alikuwa amewatetea maskini mahakamani miaka mingi. Jaji mzee wa wilaya alipofariki, Odile aliteuliwa kukikalia kiti chake kwa muda. Sasa alitaka wananchi wampe kiti hicho kwa kura.

Alimnyooshea pepeo bwana mmoja mrefu, aliyebeba sinia la kamba wekundu kwa mikono miwili.

"Nitalishikaje, Mheshimiwa? Kwa meno?"

"Basi nikupepee mwenyewe."

"Jaji ananipepea! Nikisimulia, watasema nimelewa."

"Kwani hujalewa?"

"Bado. Hukumu yake ni nini?"

Odile alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Bwana yule aliitwa Anselm Broussard, fundi wa akodioni, aliyefiwa na mke. Haikupita wiki, simu zikaanza.

"Umekula, jaji wangu?"

"Nimekula biskuti."

"Biskuti si chakula, mpenzi, hiyo ni adhabu. Njoo, nimepika mchuzi wa gambo."

Kuhusu mkewe, Anselm alisema tu kwamba ajali ya gari ilimchukua, na kwamba siku ya mazishi yeye mwenyewe alikuwa amelazwa, miguu imevunjika. Odile hakuuliza zaidi. Kidonda cha mtu hakichokonolewi.

Uchaguzi ukiwa umekaribia, asubuhi moja Odile alikuwa jikoni kwa Anselm, mwenyeji wake akikaanga mayai, redio ikiimba. Wimbo ukakatika, likaja tangazo la Bwana Dugas, mpinzani wa Odile katika uchaguzi.

"Odile Richard, wakati akiitwa Odile Mouton, ndiye aliyemtetea dereva mlevi aliyemuua Lorena Frugé. Dereva yule yuko huru hadi leo. Huyo ndiye jaji mnayemtaka?"

Mayai yakaanza kuungua. Hakuna aliyeyageuza.

"Lorena," Anselm alisema. "Lorena wangu."

Odile alimgeukia. "Frugé? Lakini wewe ni Broussard!"

"Hakutaka kuliacha jina la baba yake. Na wewe hukuwa Richard."

"Mouton lilikuwa jina la mume niliyeachana naye. Anselm, naapa sikujua. Kwenye kesi walisema tu mumewe yuko hospitali."

"Mumewe ndiye mimi." Anselm alizima jiko. "Ulimtoaje yule mtu?"

"Polisi walichanganya chupa za damu ya kupima ulevi. Nililionyesha kosa hilo, jopo la waamuzi wa kesi likamwachia."

"Ulijua alikuwa amelewa?"

Uongo ulikuwa karibu, ulimfika hadi ulimini. "Niliamini hivyo. Ndiyo."

"Toka, Mheshimiwa." Ile heshima aliitamka kama tusi.

Yvette, binamu ya Odile na msimamizi wa kampeni yake, alimjia juu. "Omba radhi redioni, dada! Sema ulilazimishwa."

"Sikulazimishwa. Yule mtu alikuwa na haki ya kutetewa."

"Haki haipigi kura!"

Odile alimpigia Anselm, simu iliita mpaka ikakata. Mwishowe akaacha ujumbe. "Sikupigii kwa ajili ya kura. Najuta kwamba Lorena alikufa. Na najuta kwamba sikuwahi kuuliza yule mume aliyelazwa anaitwa nani."

Kwenye mdahalo wa mwisho, ukumbi wa kanisa ukiwa umejaa, Bwana Dugas alitabasamu. "Leo nina mgeni."

Mlango ukafunguka. Anselm, katika suti nyeusi, akichechemea.

"Bwana Dugas ameniita niwaambie mama huyu hafai," Anselm alisema. "Mimi nimekuja kwa ajili ya jina la mke wangu. Dugas amelitangaza katikati ya tangazo la matairi na la soseji, bila kunibishia mlango." Tabasamu la Dugas likafutika. "Waliochanganya chupa hawajawahi kunipa pole. Waliomshtaki yule mtu hawakuja. Huyu nilimuuliza swali gumu, akanijibu kweli, nami nikamfukuza. Ni hayo tu."

Akatoka bila kumtazama Odile.

Odile alishindwa uchaguzi. Asubuhi ya pili yake alikuwa kando ya barabara, nywele kazifunga kitambaa, buti zimejaa tope, aking'oa mabango yake mwenyewe. Simu ikalia.

"Nimesikia," Anselm alisema. "Nilikupigia kura. Kwa shida, lakini nilikupigia."

"Hazikutosha."

"Pole, mpenzi."

Neno lile lilimkalisha chini kwenye majani yenye umande. "Bado una hasira nami?"

"Ninayo. Siwezi kukudanganya kwamba itaisha. Ila nimechoka kukaa nayo peke yangu."

"Unasemaje, Anselm?"

"Nasema tuoane. Maneno yake ya kisheria utanipangia wewe."

Machozi na kicheko vilimtoka pamoja, akashindwa kujua kipi kimetangulia. Kisha akasema, "Kwanza unipeleke kaburini kwa Lorena. Kama nitaingia nyumbani kwake, nataka nibishe hodi."

Kwenye simu akasikia mlio wa funguo za gari.

"Uko wapi?" Anselm aliuliza. "Nakuja kukuchukua."