Ujumbe wa Kifungua Mimba

Mama Cherehani hakujua kushona kimya. Akikanyaga cherehani, huzungumza na kitambaa. "Tulia wewe," hukiambia. "Unakimbilia wapi?" Majirani walishamzoea. Wapita njia walidhani ana mgeni ndani.

Alishona sare za shule. Chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia, na kamba ya kutundikia mashati madogo ambayo hayajawekwa mikono. Dirishani kilikaa kikopo cha vidonge vya presha. Kila asubuhi alimeza kimoja kabla ya kutunga uzi kwenye sindano. Daktari alimwambia asiruke hata siku moja, naye alitii, maana presha si mchezo.

Alizaa mtoto mmoja tu. Kwenye simu yake alimwandika "Kifungua Mimba", na kwa utani alisema ndiye kitinda mimba vilevile. Mtoto huyo alikua, akawa mchomeleaji vyuma, akaoa. Ndiye aliyemnunulia mama yake simu ya kugusa na kumfundisha kuandika meseji. Ndiye pia aliyemwonya: "Mama, matapeli ni wengi. Namba usiyoijua, usipokee."

Mwaka jana aliteleza juu ya paa la ghala akiwa kazini, akafariki. Mama Cherehani aliona kwa macho yake jeneza likishushwa kaburini. Lakini jina la mwanawe hakulifuta kwenye simu. Moyo ulikataa.

Jumanne moja mchana, jua kali, watoto wakipiga kelele barabarani, simu ililia juu ya meza ya kukatia. Mama Cherehani akavaa miwani, akasoma.

Kifungua Mimba: "Mama, umeshindaje? Umekula?"

Pembeni ilikuwepo picha yake. Alikuwa anacheka, miwani ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso.

Mguu ukaganda juu ya kanyagio. Nywele zikamsisimka. Aligeuka akatazama mlangoni. Hakukuwa na mtu. Nje watoto waliendelea kucheza kama vile hakuna lililotokea.

Akapiga ile namba. Sauti ya mashine ikamjibu: "Namba unayopiga haipatikani." Akapiga tena. Haipatikani. Simu ikiwa bado sikioni, meseji nyingine ikaingia.

"Mama, upo?"

Akajaribu kumpigia mkwewe, mjane wa mwanawe. Naye hapatikani. Mama Cherehani akaketi. Tangu utotoni alisikia kwamba marehemu haitwi kwa jina, asije akaitika. Kwa hiyo jina hakuliandika. Aliandika maneno matatu tu.

"Ni wewe kweli?"

"Ni mimi, mama. Nani mwingine?"

"Uko wapi?"

"Nimehama. Huku ni juu sana, na baridi yake usiseme. Ukungu kutwa nzima. Lakini watu ni wema, nitazoea tu."

Juu sana! Mama Cherehani akatazama dari. Kisha ikaja nyingine: "Mbona nikikupigia hupokei?"

Akakagua simu zilizoingia. Ya mwanawe haikuwepo. Ilikuwepo namba ngeni tu, asiyoijua, imempigia tangu asubuhi. Aliitumbukiza simu ndani ya kapu la vitambaa, akarundika vitambaa juu yake. Hata hivyo aliisikia ikilia humo chini.

Jumatano ilikuja meseji iliyomaliza nguvu zake zote.

"Mama, Jumamosi nakuja kukuchukua. Umekaa peke yako vya kutosha. Usibebe vitu vingi."

Aliisoma mpaka akaijua kwa moyo. Kusema kweli, hakuogopa tu. Alifurahi pia, na furaha hiyo ndiyo iliyokuwa ya hatari. Alhamisi asubuhi alikitazama kikopo cha vidonge dirishani, asikifungue. Mtu anayefuatwa na mwanawe, vidonge vya nini tena? Ijumaa vilevile hakumeza. Alimalizia sare za watu haraka haraka, na safari hii alishona kimya. Majirani walisikia cherehani ikienda, lakini sauti ya mwenyewe hawakuisikia.

Ijumaa hiyo jioni, jirani mmoja alikuja kuchukua sare ya binti yake. Watu walimwita Mama Mwavuli, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuuza na kusajili laini za simu, chini ya mwavuli mkubwa karibu na soko.

"Hodi! Mama, hodi!"

"Karibu, mwanangu."

Mama Mwavuli aliingia, akasimama. Chumba kimefagiliwa mpaka pembeni. Meza tupu. Kamba haina hata shati moja. Mama Cherehani amevaa gauni lake la kutokea, ameshika ukuta, na macho yake ni mekundu.

"Mama, umependeza! Unaolewa bila kutualika?"

"Nasafiri. Cherehani hii nakuachia wewe. Mkanda wake unateleza, uukaze."

"Safari gani hiyo isiyo na kurudi kwenye cherehani yako?"

"Mwanangu anakuja kunichukua kesho."

"Mwanao yupi, mama?"

"Kwani ninaye mwingine?"

Alimpa simu. Mama Mwavuli alisoma meseji moja baada ya nyingine. Hakuwa mtu wa kuamini mizimu, lakini alijikuta amesogea karibu na mlango. Mara simu ikatetemeka mkononi mwake.

"Nimeshapata usafiri, mama. Asubuhi na mapema nitakuwa hapo."

Nusura aitupe. Kisha akavuta pumzi. Kila siku aliishi na laini za simu, na hakuwahi kuona marehemu akinunua bando.

"Mama, umejaribu kumpigia?"

"Hapatikani."

"Kupiga hapatikani, meseji zinafika. Na hii namba ngeni inayokupigia kila siku, umewahi kuipokea?"

"Siipokei. Yeye mwenyewe alinikataza namba nisizozijua."

"Alikufundisha vizuri. Lakini leo tutaipiga sisi, kwa simu yangu. Wala hatutasema lolote la siri."

"Usipige!" Mama Cherehani akamshika mkono. "Ukimwita ataitika."

"Aitike tu, mama. Kama ni mzimu, salio ni langu."

Aliweka sauti ya nje, wote wawili wasikie. Simu ikaita. Kisha ikapokelewa. Kulisikika upepo kwanza, kisha sauti ya mwanamke.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Mama Cherehani aliifahamu sauti hiyo. Ilikuwa ya mkwewe.

"Mwanangu! Ni wewe?"

"Mama! Jamani, tangu Jumanne nakupigia hupokei! Si nilikwambia kwenye meseji nimehama? Nimepata kazi kiwanda cha maziwa, huku milimani."

Mama Mwavuli akaingilia. "Dada, mimi ni jirani wa mama. Hebu niambie, unatumia simu gani?"

"Ya marehemu mume wangu. Yangu ilivunjika kioo. Tena hiyo yake ilinisumbua! Huku mtandao wetu wa zamani haushiki kabisa. Nikanunua laini ya mtandao unaoshika, simu ikaikataa."

"Marehemu aliinunua kwa kampuni ya simu?"

"Ndiyo, kwa kulipa kidogo kidogo."

"Basi ndiyo sababu. Kampuni huifunga simu ya namna hiyo, isikubali laini ya mtandao mwingine. Kufunga huku si kule kwa namba ya siri unayoweka kwenye kioo. Hata ukiijua namba ya siri, laini ngeni itakataliwa."

"Niliambiwa hivyo hivyo. Nikashuka mjini mpaka ofisini kwao. Wakaona deni lilikwisha, wakaifungua. Sasa inakubali laini yoyote."

"Hapo ulifanya vyema. Hukumpa mtu wa mtaani aichokonoe. Na ulihakikisha inashika mtandao mpya? Maana simu yaweza kufunguliwa, na bado isielewane na mawimbi ya kampuni nyingine."

"Niliazima laini ya mwenzangu nikajaribu kwanza."

"Safi. Sasa, ile programu ya meseji, uliibadilisha?"

"Niibadilishe ya nini? Niliikuta inafanya kazi."

"Hapo ndipo tulipopotea," alisema Mama Mwavuli. "Programu ile haijali ni laini gani iko ndani. Laini mpya inaipa bando tu. Yenyewe iliandikishwa kwa namba ya marehemu, na itabaki na namba yake na picha yake mpaka uibadilishe. Dada yangu, meseji zako zote zimefika hapa kwa jina lake."

Upepo tu ulisikika.

"Mungu wangu," alisema mkwe polepole. "Na mimi nikamwandikia 'nakuja kukuchukua'. Mama! Nilitaka uje upumzike kwangu wiki chache. Nisamehe, mama." Akaanza kulia.

Mama Cherehani aliketi sakafuni na gauni lake la kutokea. Mama Mwavuli akachukua kikopo dirishani, akakitikisa.

"Mama, vidonge hivi unameza?"

"Tangu jana, hapana."

"Haya, inuka. Tunakwenda zahanati sasa hivi."

Muuguzi aliipima presha, akatikisa kichwa, akaipima tena. Alimpa dawa na kumweka pale mpaka iliposhuka. "Ungeacha siku chache zaidi, mama, tungekuwa tunaongea mengine," alisema. "Na usimeze vidonge vya siku mbili kwa pamoja kufidia. Endelea na kimoja kama kawaida."

Jumamosi asubuhi mkwe alifika, amevaa sweta zito katika jua lile. Walikumbatiana muda mrefu mlangoni. Mama Mwavuli hakwenda kazini mapema siku hiyo. Alikaa nao, akamwelekeza mkwe hatua kwa hatua.

"Ingia kwenye mipangilio ya programu. Tafuta pa kubadilisha namba. Weka ya zamani, kisha weka mpya. Zitakuja tarakimu kwenye laini yako mpya. Hizo usimpe mtu yeyote, hata akisema ni wa kampuni. Ukimaliza, weka jina lako na picha yako."

"Na laini yake ya zamani?"

"Nendeni na cheti cha kifo ofisini kwao, waifunge rasmi. Namba ikikaa bila kutumika, kampuni humpa mtu mwingine. Siku moja mngepigiwa na mgeni kwa namba ya marehemu. Na siku nyingine ukihama mtandao, waambie watu wako mapema, kabla hujatoa laini ya zamani."

Mkwe alifuata yote. Mwishoni kidole chake kikasita.

"Mama, picha zake zote nimezihifadhi. Ila nikibonyeza hapa, hataonekana tena akikuandikia."

Mama Cherehani alikunja mikono mapajani. "Siku zile niliogopa sana," alisema. "Lakini kila asubuhi niliamka nikiwa na mtoto."

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni.

"Bonyeza," alisema.

Mkwe akabonyeza. Muda si mrefu simu ya Mama Cherehani ikalia. Ilikuwa meseji ya kujaribu, kutoka namba mpya, na picha ya mwanamke aliyevaa sweta.

"Tuihifadhi kwa jina gani?" aliuliza Mama Mwavuli. "Niandike 'Mkwe'?"

"Lete hapa," alisema Mama Cherehani. "Kuandika najua."

Akavaa miwani. Kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akaandika: Mwanangu.