Ndago Kwenye Tuta la Vitunguu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Mama Sufuria alipitia bustanini kwake. Jina hilo alipewa na watoto wa shule aliyokuwa akipikia, na mtaa mzima ukalichukua.

Bustani ilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya ukuta wa jikoni na uzio wa mabati. Ilikuwa na matuta matatu: mchicha, nyanya na vitunguu. Kwenye kona kulikuwa na pipa la maji. Kutoka kwenye pipa mpaka matutani ilipita kamba, imefungwa kwenye vigingi, usawa wa kiuno.

Kamba ile ilikuwa ya mumewe. Watu walimwita Fundi. Kwa miaka ishirini alichomelea mageti na madirisha, mara nyingi bila miwani ya kinga. Macho yake yalififia kidogo kidogo. Sasa aliona mwanga na kivuli, basi. Asubuhi na jioni alishika kamba kwa mkono mmoja, ndoo kwa mkono wa pili, akamwagilia tuta moja moja. Saa zilizobaki alikaa kwenye kiti mlangoni.

Mama Sufuria alikuwa mwepesi wa mikono. Alipikia watoto mia tatu na chakula hakikuchelewa. Kupalilia nako kulikuwa hivyo hivyo: jembe juu, jembe chini, dakika kumi tuta limetakata. Lakini tuta la vitunguu lilimshinda. Leo analipalilia, wiki ijayo limejaa tena majani membamba ya kijani, mengi kuliko ya kwanza. Tena yalifanana na miche ya vitunguu.

Jumamosi moja alipalilia kwa hasira. Alipomaliza, akatazama ndani ya karai. Juu ya magugu kulikuwa na vitunguu vichanga kumi na saba.

"Umenyamaza," Fundi alisema kutoka kwenye kiti. "Kuna nini?"

"Nimeng'oa vitunguu."

"Vingapi?"

"Usiniulize."

Fundi akacheka. "Basi nije nikusaidie. Mimi nikikosea, angalau nina sababu."

"Wewe kaa, baba. Utavimaliza vilivyobaki."

Alisema kwa utani, lakini Fundi aliinamisha kichwa, na Mama Sufuria akajuta. Kulikuwa na neno jingine lililomkaa kooni kwa siku nyingi. Alitaka kuiacha bustani na kumwaga kokoto mahali pote. Mara mbili alikuwa amepima kwa hatua, kutoka ukutani hadi kwenye uzio. Kilichomshinda ni kumwambia mumewe. Bila bustani, kamba ile ingekuwa ya nini? Fundi angeamka asubuhi ashike nini?

"Hodi hapa."

Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mfanyakazi wa ofisi ya kilimo. Mtaani walimwita Bi Shamba. Alikuja kurudisha ngazi.

"Shoga, unapika nini kwenye karai?"

"Vitunguu ambavyo havijakua. Njoo uone. Kadiri ninavyolima, ndivyo magugu yanavyozidi."

Bi Shamba aliweka ngazi chini, akachuchumaa. Alichimbua udongo kwa vidole, polepole, pembeni ya jani moja. Chini ya jani kulikuwa na kinundu cheusi, kidogo kama harage. Kwenye kinundu kulikuwa na uzi mwembamba. Akaufuata. Ulifika kwenye kinundu cha pili, kisha cha tatu.

"Hii ni ndago," alisema. "Vinundu vimeungana chini kama shanga. Vingine vimelala tu. Ukipiga jembe, unakata uzi. Vilivyolala vinaamka, kila kimoja kinatoa majani yake."

"Kumbe nilikuwa nazipanda."

"Hukujua, na hauko peke yako. Ukishang'oa, unatupa wapi?"

"Kwenye shimo la mboji."

"Na mboji?"

Mama Sufuria alilitazama tuta. "Naimwaga hapa hapa."

"Aa," Bi Shamba alisema.

"Sasa nitazijuaje? Zote nyembamba, zote kijani."

"Usitazame. Shika. Shina la ndago lina pembe tatu. Lizungushe kati ya vidole, litakukatalia. Nyasi ya kawaida ina shina la mviringo, tena lina vifundo. Jani la kitunguu lina uwazi ndani. Ukilibonyeza, linabonyea."

Mama Sufuria alijaribu moja, akajaribu lingine. Akatikisa kichwa. "Vidole vyangu viliungua zamani na mifuniko ya sufuria. Naona vyote sawa."

"Lete hapa," Fundi alisema.

Alikuwa ameshasimama, mkono kwenye kamba. Bi Shamba alichanganya mashina matano, akampa moja moja. Fundi aliyazungusha bila haraka.

"Kitunguu. Ndago. Ndago. Hii nyasi, ina kifundo. Kitunguu."

"Shemeji, unachungulia wewe."

"Ningekuwa nachungulia ningekuona ulivyoduwaa." Akafuta vidole kwenye suruali. "Nilikuwa napitisha kidole kwenye kila pembe ya geti. Jicho liliniambia iko sawa, kidole kikakataa. Nikaamini kidole."

Walimwagilia tuta kwanza, udongo ulainike. Fundi akaomba nondo yake fupi, ile aliyoiponda ncha ikawa bapa, enzi za karakana. Bi Shamba akamwelekeza.

"Chomeka mbali kidogo na shina. Inua udongo taratibu. Usivute, uzi utakatika na kinundu kitabaki."

Fundi alipiga magoti. Aliugusa uzi kwa ncha ya kidole, akaenda nao chini ya udongo kama mtu anayesoma. Alipoinua mkono, vinundu sita vilining'inia, vyote kwenye uzi mmoja. Vitunguu vya pembeni havikutikisika.

Mama Sufuria alisimama na karai mkononi. Yeye angeukata uzi ule mara sita. Alikuwa ameishi na mikono ile miaka mingi, na alidhani kazi yake imekwisha. Mpaka saa tisa, mumewe alikuwa amemaliza nusu ya tuta. Hakumharakisha.

"Zianikeni juu ya bati, juani, mpaka zikauke kabisa na kuvunjika," Bi Shamba aliagiza. "Kisha mzichome. Msizirudishe kwenye mboji. Na hazitaisha leo. Mrudi kila baada ya wiki mbili, kabla hazijatoa maua. Kinundu kikichipua na kung'olewa mara kwa mara kinachoka. Mkivuna, pandeni viazi vitamu. Majani yake yatatia udongo kivuli, na ndago haipendi kivuli."

Siku ile karai lilijaa. Baada ya wiki mbili lilifika nusu. Mara ya tatu Mama Sufuria alichuchumaa karibu na mumewe ajifunze. Akachomoa kimoja kwa fahari.

"Lete," Fundi alisema. Akabonyeza. "Kitunguu."

"Nilikuwa nakujaribu."

"Mama Sufuria, wewe kaa. Utavimaliza vilivyobaki."

Alicheka mpaka akakaa kweli, chini, pembeni ya tuta.

Kufikia wakati wa kuvuna, ndago zilizochipua zilienea kwenye kiganja kimoja. Vitunguu vilijaa vikapu vitatu, vikubwa, vikavu, na vingine vikaning'inizwa jikoni. Bi Shamba alipewa fungu lake. Kiti cha mlangoni kilikuwa kimewekwa kapu la nguo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akikikalia mchana.

Jioni hiyo walikaa wawili wakikata majani makavu ya vitunguu.

"Nilitaka kumwaga kokoto hapa," Mama Sufuria alisema. "Sikukwambia."

"Nilijua."

"Nani alikwambia?"

"Nilizisikia hatua zako. Kumi na mbili, kutoka ukutani mpaka kwenye uzio, mara mbili. Mtu hapimi hivyo ili apande mchicha."

Mama Sufuria alichukua kitunguu kingine, akakipangusa udongo.

"Viazi vitamu tunapanda lini?" Fundi aliuliza.

"Kesho," alijibu. "Wewe utanionyesha pa kuanzia."