Mfupa Mgongoni

Prefe Cirimwami alikutwa kifudifudi katika ukumbi wa maonyesho wa kolegi ya Saint-Fidèle, kilimani Kiriri, asubuhi ileile maturubai ya jubilei yalipokuwa yakifungwa uwanjani. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kando yake kengele ya shaba, ile iliyowaamsha wanafunzi tangu enzi za mapadri wazungu, ilikuwa imelala ubavu kama mlevi. Pembeni sanamu ya mbao, iliyovishwa yunifomu ya zamani kwa ajili ya maonyesho, ilisimama shingo tupu.

Na mgongoni mwa marehemu, juu ya koti lake la sherehe, palikuwa na mfupa uliofungwa kwa kamba.

Inspekta Massoudi alichuchumaa. Ulikuwa mfupa wa bega la ng'ombe, umelainika na kung'aa kwa kuvaliwa na shingo za watoto wa watu. Ukosi wa koti ulikuwa umelowa damu. Kamba ya katani iliyopita juu ya damu hiyo ilikuwa safi, isipokuwa upande wa chini.

"Alivishwa baada ya kupigwa," alisema.

"Labda ulimzunguka alipoanguka, Afande," alisema Brigadia Irène, msaidizi wake.

Massoudi aliinua kidevu cha maiti kwa kidole kimoja. Fundo lilikuwa kooni, limekazwa.

"Apana. Aliyefunga hapa alitaka mfupa ukae nyuma."

Hakukuwa na mtu Bujumbura asiyeujua mfupa ule. Zamani, mwanafunzi akisikika anasema kitu kisicho Kifaransa, anavishwa. Anauvaa mpaka amkamate mwenzake naye akikosea, auvue na kumvisha yeye. Utakayekuwa nao Jumamosi jua likizama, ole wako: bakora za Prefe wa nidhamu, kisha kulala ndani ya tangi kavu la maji nyuma ya kanisa. Prefe wa nidhamu alikuwa huyuhuyu Cirimwami. Jumamosi hii kolegi ilikuwa imwite jukwaani na kuupa ukumbi mpya jina lake. Rangi ya herufi ilikuwa haijakauka.

Abbe, padri mkuu wa kolegi, alikuja mbio na kanzu yake mkononi.

"Inspekta, askofu anafika keshokutwa. Na muuaji tayari mnaye. Mnangoja nini?"

Ndiyo, mtu walikuwa naye. Anouar, fundi magari wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, mwanafunzi wa zamani aliyefukuzwa. Jana yake alisimama getini akapiga kelele mpaka wauza maji wakakusanyika: "Mnamujengea ukumbi mutu huyu? Mjengeeni tangi!" Askari wa doria walimchukua mara tu maiti ilipoonekana, akiwa bado na nguo za harusi ya mpwa wake. Mashahidi wa kuwa alikuwa harusini walijaa uwanja, lakini wote walikuwa shangazi, wajomba na wapiga ngoma wa Buyenzi. Mwendesha mashtaka aliwacheka. Alitaka jalada mezani jioni, na kwa kesi ile Anouar angeozea gereza la Mpimba.

Massoudi mwenyewe alizaliwa barabara ya tano ya Buyenzi. Kabla maiti haijafika mochwari, ofisini walishaanza kunong'ona: Muswahili atamfunga Muswahili mwenzake? Na kule nyumbani Buyenzi, ambako habari haihitaji miguu, walishajua hata rangi ya soksi za marehemu, na walikuwa wanangoja kuona mtoto wao atafanya nini.

Anouar alikuwa amekaa sakafuni mwa selo, amekunja magoti.

"Kaka Anouar, uliuvaa ule mfupa?"

"Niliuvaa mpaka nikaota nao."

"Kifuani?"

Anouar alicheka cheko baya.

"Kifuani ni kwa waliosema Kirundi. Wale walihesabiwa watoto wa nyumbani. Siye wa Kiswahili tulikuwa watoto wa barabarani, tulivaa mgongoni. Ili usimuone anayekutemea mate."

Massoudi alitoa mfupa kwenye mfuko wa ushahidi. "Hebu ushike, unionyeshe."

Anouar alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia.

"Ondoa."

"Ushike tu."

"Ondoa hiyo kitu, Massoudi! We mutoto wa Mwantum, unanifanyia mimi hivi?"

Inspekta hakuondoa. Aliuweka juu ya mapaja ya yule mzee wa miaka sitini, akasubiri. Anouar aligeuza uso, akatapika wali wa harusi juu ya viatu vyake mwenyewe.

Irène alitazama chini. Massoudi aliuchukua mfupa.

"Huyu hawezi kuugusa," alisema walipotoka. "Aliyemvisha Prefe alikaza fundo kwa vidole vilivyotulia. Na alijua habari ya mgongoni. Je, kule ukumbini ile sanamu ya mbao iliyovishwa yunifomu, mfupa ilikuwa imeuvaa wapi?"

"Kifuani, Afande. Nimeona picha za jana."

"Nani aliyeivisha?"

"Mwalimu Mirindi. Yule wa historia. Ndiye aliyeandaa maonyesho yote, na ufunguo anao yeye."

Mwalimu Mirindi mji ulimpenda. Mtoto wa wakimbizi wa Bukavu, mpole, suti mbili za kupokezana, mama yake mzee anaishi naye Musaga. Watu walijua pia kwamba kaka yake alifia Saint-Fidèle wakiwa wadogo. Malaria, ndivyo kolegi ilivyowaambia. Mama hakuwahi kubadilisha jina: hata leo Musaga nzima inamwita Mama Moïse, kwa jina la marehemu, na Mirindi anaishi kama mgeni ndani ya nyumba yake.

Massoudi alimwita kituoni. Kisha akatuma gari Musaga.

Mwalimu aliingia na leso mkononi.

"Msiba mkubwa, Inspekta. Nilimwacha jana usiku ukumbini anafanya mazoezi ya hotuba yake. Mzima kabisa."

"Wewe uliwahi kuvaa mfupa, Mwalimu?"

"Mimi? Apana. Nilikuwa na Kifaransa kizuri tangu nyumbani. Marehemu kaka ndiye aliyeuvaa. Mimi hata siku moja."

"Basi nisaidie kama mtu wa historia. Nataka mpiga picha wetu apige jinsi ulivyovaliwa." Massoudi alivaa glavu, akampa Mirindi nyingine pamoja na mfupa, akamgeuzia shingo. "Nivishe. Huku unaniambia: hotuba ilikuwa inahusu nini?"

"Hotuba? Mambo ya zamani. Vichekesho vya bweni..."

Kinywa kilikuwa na kazi yake, na vidole vikafanya yao. Kamba ilipita, fundo likakazwa kooni kwa mvuto mmoja. Mfupa ukaanguka, ukatua kati ya mabega ya Inspekta.

Kamera ilimulika.

"Sanamu yako uliivisha kifuani," alisema Massoudi bila kugeuka.

Mirindi alitazama mikono yake kana kwamba ameletewa na jirani.

"Nilisoma mahali..."

"Ulisoma, ukaonyesha tofauti? Uliuvaa, Mwalimu. Mgongoni, kama Anouar. Ulidanganya. Kwa nini mtu afiche aibu ambayo ni ya waliomvisha, siyo yake?"

"Mtanifunga kwa fundo?"

"Apana. Nitamuuliza anayejua." Massoudi alikaa. "Mama yako yupo kwenye korido. Nitamuuliza ni yupi kati ya wanawe aliyekuwa na mfupa ile Jumamosi ya mwisho ya kaka yako. Nitamuuliza mara ishirini, mpaka akumbuke."

"Mutoe mama yangu humu!" Sauti ilipanda ghafla, ya mtoto. "Mzee yule ana pressure! Niulize mimi!"

"Nakuuliza wewe."

Mirindi alikaa. Leso aliikunja nne, akaikunjua.

"Prefe alinisimamisha nimsikilize. Alisema askofu anapenda kucheka, kwa hiyo atamalizia na kisa cha ndugu wawili wa Bukavu. Nikamwambia, Prefe, mama atakaa mstari wa mbele. Akasema: 'Vizuri, atacheka na yeye. Miaka mingi hiyo.'"

"Kisa gani?"

"Jumamosi ile mfupa ulikuwa kwangu mimi. Jua linazama. Nilikuwa mdogo, nililiogopa tangi kuliko kifo. Moïse alikuwa na funza kidoleni, kidole kimevimba, kinatoa usaha. Nikaenda nyuma yake nikamkanyaga palepale, kwa kisigino. Akalia, 'Mama wee!' Kiswahili. Nikavua, nikamvisha. Prefe alicheka mpaka akashika tumbo. Akasema mimi nitafika mbali."

"Halafu?"

"Mvua ilinyesha. Mfereji wa paa la kanisa ulikuwa unamwaga ndani ya tangi. Tulimsikia bwenini. Wote tulimsikia. Walimtoa baada ya misa."

Irène aliacha kuandika.

"Na Prefe?" aliuliza Massoudi.

"Alikuwa anarudia kile kicheko, ili kitoke vizuri jukwaani. Kengele ilikuwa mkononi mwangu, nilikuwa naifuta. Pigo la kwanza alipiga magoti. Unajua alisema nini? 'Mama wee!' Yeye! Na kwao ni Bukavu kama sisi, ila maisha yote hatukumsikia neno moja la Kiswahili. Nikampiga tena. Kisha nikaenda kwenye sanamu, nikautoa mfupa." Aliinua uso, mkavu. "Nilikuwa nimemsikia, Inspekta. Sheria ni sheria."

Irène alimsogezea maelezo. Aliyatia saini kwa mwandiko mzuri wa mwalimu.

"Ombi moja tu," alisema. "Mama asijue habari ya Moïse. Mwambieni nimeua kwa hasira, kwa wizi, kwa lolote. Niliua ili asilisikie hilo."

Massoudi aliinuka, akauvuta mlango. Ulikuwa wazi kidogo tangu mwanzo. Alikuwa ameuacha hivyo makusudi.

Mama Moïse alikuwa kwenye benchi, hatua mbili tu, amevaa kitenge kipya cha jubilei. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani. Hakulia.

"Nilijua, Mirindi," alisema.

Mwanawe aligeuka.

"Siku ya matanga Prefe alinivuta nyuma ya nyumba, akaniambia ni we ulimupa kaka yako mfupa. Alitaka nikuchukie we, nimusahau yeye."

"Mama... miaka yote? Hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikuwa nimebaki na mutoto mumoja." Alijifunga vizuri kitenge, akasimama kwa kushika ukuta. "Leo sina hata huyo."

Alienda zake kwenye korido, taratibu, akipishana na Anouar aliyekuwa anatolewa selo bila viatu.

Mirindi alifungua kinywa kulia. Halafu akakiziba kwa mikono yote miwili, kama mtoto anayeogopa kusikika.