Mchoro Uliotaja Majibu

Kila Jumamosi asubuhi msichana huyu aliosha vyombo, akafagia ua na kuanika nguo za shule, na yote hayo aliyamaliza kabla mama yake hajatia uzi kwenye sindano ya cherehani. Ndiyo maana nyumbani na shuleni walimwita Chapuchapu. Vikombe vilibaki na povu na majani yalibaki pembeni mwa ua, lakini kazi ilikuwa imekwisha.

"Umeshamaliza?" mama yake aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimeshamaliza, mama."

"Haya. Nikikuta povu kwenye kikombe changu, hiyo chai utainywa wewe."

Jumamosi moja Chapuchapu alikuwa na zamu shuleni. Shule yao ilikuwa na tovuti ya masomo iliyoanzishwa na mwalimu wa sayansi, na kikundi cha wanafunzi kilimsaidia kuweka masomo mapya kila mwisho wa juma. Nyuma ya kila picha kwenye tovuti hiyo palikuwa na kisanduku cha maelezo ambacho macho hayakioni. Kiliwekwa kwa ajili ya mtu asiyeona.

Darasani mwao alikuwapo mmoja, msichana waliyemwita Wakili kwa sababu hakukubali jambo lolote bila ushahidi. Kompyuta iliyo karibu na mlango, katika chumba cha kompyuta, ilikuwa na programu ya kusoma skrini. Wakili alivaa spika za masikioni, akapita kwenye ukurasa kwa vitufe vya kibodi, na programu ikamsomea kila neno. Ikifika kwenye picha, ilimsomea kilichoandikwa kisandukuni. Kisanduku kikiwa kitupu, ilisema "picha" ikapita, na Wakili akabaki kama mtu aliyeelekezwa njia nusu.

"Andikeni kama mnamweleza mtu kwa simu," mwalimu wa sayansi alikuwa amewaagiza kabla ya kusafiri kwenda kwenye semina. "Mnachokiona ndicho mmwambie."

Kazi ya Chapuchapu ilikuwa kuweka maelezo kwenye michoro ya jaribio la Jumatatu. Jaribio lilikuwa zito. Wanafunzi watatu wa kwanza ndio wangeiwakilisha shule kwenye mashindano ya sayansi siku ya Ijumaa.

Mchoro wa mwisho ulikuwa wa jicho. Chapuchapu aliutazama, akauona ni uleule wa kwenye somo la wiki iliyopita, ambao maelezo yake aliyaandika yeye mwenyewe. Nje wenzake walikuwa wameanza mpira wa pete na walikuwa wakimwita. Basi akafungua somo la zamani, akanakili maelezo, akayabandika kwenye kisanduku cha jaribio, akazima kompyuta na kutoka mbio.

Hakutazama mara ya pili. Mchoro wa somo ulikuwa na herufi pamoja na majina: A konea, B mboni, C lenzi, D retina, E neva. Mchoro wa jaribio ulikuwa na herufi tu, na majina hayo ndiyo yaliyoulizwa.

Matokeo yalibandikwa ukutani Jumanne. Wakili alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa mvulana waliyemwita Mrefu, na wa nne alikuwa Chapuchapu.

"Hongera, Wakili," Mrefu alisema uwanjani. "Lakini lile swali la jicho lilinitesa. Nimekosa mawili."

"Umekosaje? Lile si lilikuwa zawadi tu?"

"Zawadi gani?"

"Majina yaliandikwa palepale kwenye mchoro. A ni konea, B ni mboni. Nikajua mwalimu ametufungulia mlango ili tusiogope."

Mrefu aliwatazama wenzake, wenzake wakatazamana.

"Sisi tuliona herufi tupu," alisema. "Kumbe kompyuta yako inakunong'oneza majibu."

"Mlikuwa hamyaoni?" Wakili aliuliza, na sauti yake ikapungua.

"Hatukuona hata moja."

Neno lilienea kabla kengele haijalia. Wengine walisema Wakili amebebwa. Wengine walisema ameiba, ila hawakujua ameibaje. Chapuchapu alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Aliwasikia wakiyataja yale majina kwa mpangilio wake, konea, mboni, lenzi. Maneno yale aliyajua. Yalikuwa yake.

Mwalimu mkuu aliwaita ofisini wanne wa kwanza. Alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuwatazamia wanafunzi. Alifungua jaribio kwenye kompyuta yake, ambayo haikuwa na programu ya kusoma skrini, akavaa miwani ya kwanza, kisha ya pili.

"Hapa kuna herufi tu," alisema.

"Mwalimu, mimi nilisomewa majina," Wakili alijibu.

"Nani alikusomea?"

"Programu."

"Binti yangu, mashine haina akili ya kujua konea. Ama kuna mtu alikuwa karibu yako, ama kuna jambo jingine. Sitakuadhibu kwa kuwa sijaona kosa lenyewe. Lakini alama hizi siwezi kuzipokea. Nafasi yako ataichukua wa nne."

"Kesi imeisha, mwalimu?"

"Imeisha."

"Bila shahidi?"

"Shahidi ni macho yangu."

"Na masikio yangu je?" Wakili aliuliza.

Mwalimu mkuu aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliwaambia warudi darasani.

Jioni Chapuchapu alipompa mama yake habari, mama alisimamisha cherehani. "Utaiwakilisha shule? Wewe?" Alicheka kwa furaha, akaivuta sketi yake ya shule na kuanza kufumua pindo ili airefushe. "Huwezi kwenda mbele za watu na magoti nje. Lakini si umesema umekuwa wa nne?"

"Kuna mtu ametolewa."

"Kwa kosa gani?"

Chapuchapu alitafuta neno, akakosa. "Kwa kusikia, mama."

"Siku hizi kusikia nako ni kosa?" Mama alikata uzi kwa meno. "Hiyo shule yenu ina mambo."

Chapuchapu alikwenda jikoni. Aliosha vyombo polepole hata mama akamuuliza kama anaumwa.

Asubuhi alifika shuleni kabla ya wengine, akamwomba mlinzi amfungulie chumba cha kompyuta. Alikaa kwenye ile kompyuta ya karibu na mlango na kuingiza neno la siri la kikundi, na kisanduku cha mchoro wa jicho kikafunguka. Maelezo yalikuwa palepale. Kuyafuta ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Yakifutika, hakuna ambaye angejua yalikuwapo. Mwalimu wa sayansi angerudi wiki ijayo akakuta mambo shwari, na Wakili angebaki peke yake na hadithi ambayo hakuna wa kuiamini.

Mlango ulisukumwa. Fimbo nyeupe ilitangulia kugusa kizingiti, na Wakili akafuata nyuma yake.

"Nani yuko hapo?"

Chapuchapu aligeuza kichwa, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta.

"Ni wewe, Chapuchapu. Unahema kama uliyekimbia, na wewe ndiye unayekimbia kila mahali. Kaa hapohapo, nahitaji macho ya mtu. Nimekuja kukusanya ushahidi."

"Ushahidi gani?"

"Fungua lile jaribio. Niambie unaona nini kwenye mchoro wa jicho. Usitie chumvi."

"Naona herufi," Chapuchapu alisema. "A, B, C, D, E. Na mishale."

"Basi?"

"Basi."

Wakili alivuta kiti. "Usiku kucha nimewaza kwamba labda masikio yangu yananidanganya. Mtu asiyeona akianza kuyashuku masikio yake, abaki na nini?" Alisema hivyo bila kulia, kama anayeuliza bei ya sukari.

Kidole cha Chapuchapu kilikuwa bado juu ya kitufe. Alikitoa.

"Masikio yako ni mazima," alisema. "Ni mimi. Yale maelezo niliyanakili kutoka kwenye somo la zamani bila kuangalia. Nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Na sasa hivi umenikuta nataka kuyafuta."

Nje mtu alikuwa akimwaga maji kwenye ndoo.

"Umeyafuta?"

"Bado."

"Usiyaguse," Wakili alisema. "Huo ndio ushahidi wangu. Nenda kamwite mwalimu mkuu."

"Nikimwita, naipoteza nafasi."

"Najua. Mimi yangu nilishaipoteza jana, na wala sikuwa na kosa."

Chapuchapu alitoka. Safari hii hakukimbia, na njia ya kwenda ofisini ilikuwa ndefu kuliko alivyoizoea. Mwalimu mkuu alimsikiliza hadi mwisho, akafuatana naye hadi chumba cha kompyuta. Wakili alimpa zile spika za masikioni, akabonyeza kitufe. Mzee aliinamisha kichwa kusikiliza. Kwenye skrini mbele yake palikuwa na herufi tupu, na masikioni mwake sauti kavu ilikuwa ikimtajia majina yote matano.

Alisikiliza mara mbili, kisha akavua spika.

"Jana nilikuita na sikukusikiliza," alimwambia Wakili. "Nilitazama tu. Nisamehe, binti yangu. Alama zako nakurudishia."

"Za jicho sizitaki, mwalimu."

"Huzitaki?"

"Zile za jicho ni za bure. Nikienda nazo, Mrefu atanikumbusha mpaka tuzeeke. Nipe mchoro mwingine, lakini niandikiwe sawasawa."

Mwalimu mkuu alimgeukia Chapuchapu. "Umesikia? Utaandika wewe. Mchoro wa sikio, wenye herufi tu."

Chapuchapu alikaa na ule mchoro kipindi chote cha kwanza. Haikuwa kazi ndogo kama alivyodhani. Aliandika kwamba upande wa kushoto kuna sehemu ya nje ya sikio, na kutoka hapo bomba jembamba linaingia ndani, nalo limeelekezewa herufi A. Aliandika kwamba bomba linaishia kwenye mstari uliosimama kama pazia, wenye herufi B. Kwenye C aliandika "vifupa vitatu", akasita. Mchoro haukusema ni mifupa; yeye ndiye aliyejua. Alifuta akaandika "vipande vitatu vidogo vinavyogusana". Alisoma tangu mwanzo, akasoma tena huku amefumba macho na kujaribu kulichora sikio kichwani, akagundua hakusema vipande hivyo viko upande gani wa pazia. Akaongeza.

Wakili alijibu maswali yote, akakosa moja. Alibishana nalo kama kawaida yake, akashindwa. Jumla ilimweka wa pili, na Mrefu akapanda kuwa wa kwanza. Chapuchapu alirudi kuwa wa nne.

Kabla hawajatoka, mwalimu mkuu aliwazuia mlangoni.

"Kosa la kwanza lilikuwa la haraka," alimwambia Chapuchapu, "na watu wengi hulifanya. La pili lingekuwa la kulifukia, na hilo umeliacha mwenyewe, nami nimeliona. Sasa kumbuka jambo moja. Mtu asiyeona ukimpa pungufu, umemnyima. Ukimpa zaidi umemnyima pia, kwa sababu umemwondolea nafasi ya kuonyesha anachoweza. Mpe kilekile wanachopata wenzake. Lakini ili umpe kilekile, lazima kwanza wewe mwenyewe utazame, na kutazama hakutaki mbio."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwenye tovuti kuna picha ngapi zenye maelezo yako?"

"Nyingi."

"Basi una kazi nyingi."

Jumamosi iliyofuata wasichana wawili walikaa kwenye kompyuta ya karibu na mlango. Mpira wa pete ulikuwa ukichezwa nje. Chapuchapu aliandika maelezo ya mchoro wa ua, na Wakili akayasikiliza mpaka mwisho.

"Sijaliona," alisema.

"Nimesema lina petali tano."

"Zimepangwaje? Zimesimama foleni?"

Chapuchapu alicheka. Akaurudia mchoro kuutazama, akafuta sentensi yote, akaanza upya.