Uso wa Sidonie Kinuni

Jua lilikuwa linazama mama aliponikabidhi jibini na mkate.

"Mpelekee Bwana Thibaudier kule kinuni, Sidonie. Usikawie."

Bwana Thibaudier alikuwa mchoraji. Huko Paris hakuwa na jina, ila kwetu mkoani Berry kila shamba lilimjua. Alichora watu kama sisi: wavunaji, wachungaji, vikongwe na kuku wao. Alichora vizuri mno. Wakati wa mavuno alimchora dada yangu Zélie, akiwa mja mzito. Tangu hapo Zélie hakutoka kitandani. Alikonda mpaka mifupa ikahesabika. Lakini wiki ile, ghafla, aliketi akaomba supu.

Mimi ndiye niliyeanza kuishiwa nguvu.

Nilisukuma mlango wa kinu. Harufu ya rangi ilinipiga... na chini yake harufu nyingine, kama nywele zinazoungua.

"Weka hapo," alisema bila kugeuka.

Mbele yake palikuwa na picha ya msichana aliyelala chali, macho yamefumbwa, mikono kifuani. Alikuwa na kovu kidevuni.

Kovu langu.

"Sijawahi kukaa unichore," nilinong'ona.

"Hujawahi. Nililetewa nywele zako." Alichovya brashi. "Dada yako alikuwa anakwisha. Nikaombwa nibadilishe uso, niweke wako badala ya wake."

"Nani alikuomba?"

Sasa aligeuka. Alinitazama kama anayenionea huruma.

"Nani anakuchana nywele, binti?"

Nilikimbia.

Mama alikuwa jikoni anamenya viazi. Hakuuliza kwa nini nahema.

"Ulimpa nywele zangu," nilisema.

Kisu kiliendelea... krr, krr.

"Zélie ana mtoto tumboni," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Wewe una nini?"

Nilimtazama Zélie, kitandani kwake kando ya meko. Alivuta shuka, akageukia ukutani.

Alikuwa anajua.

Niliondoka jioni ileile. Nilikwenda mjini Bourges nikapata kazi ya kufua nguo. Kadiri nilivyokuwa mbali na nyumbani, ndivyo nguvu zilivyonirudia. Nikadhani nimeponyoka.

Baridi ilipokwisha nilikutana sokoni na jirani yetu Anselme, amekuja kuuza mbuzi. Aliponiona alirudi nyuma, akafanya ishara ya msalaba.

"Sidonie... si tulikuzika?"

"Mlimzika nani?"

"Wewe. Mama yako alilia mpaka akazimia. Jeneza lilikuwa wazi kanisani. Nilikubusu kwenye paji la uso, mimi mwenyewe."

"Anselme, ni mimi. Niguse."

Nilimnyooshea mkono. Aliutazama tu, hakuushika.

"Ulikuwa wa baridi, unanuka rangi," alisema, "lakini ulikuwa wewe."

Kisha akawaswaga mbuzi wake, akaondoka bila kugeuka nyuma.