Kikombe cha Perpétue Gaumond

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumanne ya pili ya Februari, Ghislaine Thiboutot aliwasha taa za jiko la kale katika makumbusho ya Nyumba ya Lambotte, katika mji wa chini wa Quebec, akakuta kabati la kioo liko wazi. Kikombe cha fedha hakikuwepo. Kibao cha shaba kilichokuwa chini yake nacho kilikuwa kimeondolewa, na skrubu zake nne zimepangwa vizuri rafuni.

Kabati halikuvunjwa. Ufunguo wake ulikuwa kwenye msumari katika chumba cha wafanyakazi, ambako kila mmoja wao aliweza kuuchukua.

Sajenti Drapeau alifika saa tatu na nusu. Ghislaine alikuwa ametembeza wageni katika nyumba ile kwa miaka ishirini na miwili, na leo alijibu maswali kwa sauti ile ile ya kutembeza wageni.

"Mara ya mwisho ulikiona lini?"

"Jumapili, saa kumi na dakika tano jioni, nikiwa na kundi la mwisho. Tulipotoka hapa tukashuka ghalani. Tulipanda saa kumi na robo, wageni wakasubiri makoti yao kama dakika kumi, wananung'unika. Tukafunga."

"Na jana?"

"Jumatatu hatufungui. Anakuja Wilner tu kusafisha."

"Peke yake?"

"Peke yake." Kisha akaongeza jambo ambalo hakuulizwa. "Wiki iliyopita nilimwona amesimama mbele ya kabati hili muda mrefu."

Wilner Estimable, Mhaiti wa makamo aliyeishi mtaa wa Limoilou, alikuwa anakung'uta theluji kwenye zulia la mlangoni walipomfuata. Saa nne walimtoa nje, askari mmoja huku, mwingine kule.

"Dada Ghislaine, si uwaambie! Si unanijua mimi?"

Ghislaine alijifanya anatafuta kalamu. Nyuma ya kaunta ya makoti, Fernande Bilodeau, mama wa miaka sitini na sita aliyeajiriwa miezi mitano nyuma, alilitundika koti la sajenti, akalitungua, akalitundika tena.

Wilner aliachiwa jioni, lakini alisimamishwa kazi. Usiku ule Ghislaine hakupata usingizi. Alichokuwa akikiona ni zile skrubu. Mwenye tamaa ya fedha angebeba kikombe akaondoka. Kibao cha nini? Kiliandikwa tu kwamba Perpétue Gaumond, mtumishi, aliiba kikombe hicho mwaka 1889 akatoroka, na kikombe kikapatikana baadaye.

Jumatano saa tano, mwanamke mmoja alipiga simu kutoka mji wa Rimouski.

"Nilipoteza glavu hapo Jumapili. Nyekundu. Tulirudi jikoni kuitafuta wakati tunasubiri makoti. Mume wangu alinipiga picha ananicheka, nimebaki na moja. Nikutumie uione?"

Picha ikaja. Saa iliyoandikwa ilikuwa kumi na dakika ishirini na mbili, Jumapili. Mwanamke ameinua mkono mmoja mwekundu, na nyuma ya bega lake kabati li tupu.

Ghislaine aliketi. Jumapili Wilner huwa kanisani na hajawahi kukanyaga pale siku hiyo. Mkurugenzi alikuwa Montréal wiki nzima. Yeye mwenyewe alikuwa ghalani na wageni. Akabaki mtu mmoja, yule ambaye wageni walimsubiri awape makoti.

Alimkuta Fernande anakunywa supu ya njegere kwenye chupa ya chai.

"Fernande, Jumapili ulikuwa wapi watu wanasubiri makoti?"

"Chooni."

"Dakika kumi?"

"Tumbo, mwenzangu. Siku hizi nalo linaomba ruhusa kwako?"

Ghislaine aliweka picha kaunta. Fernande aliitazama, akafunika supu yake polepole.

"Mama yangu ni wa ukoo wa Gaumond," alisema. "Perpétue ndiye aliyemzaa bibi yangu. Na hakutoroka. Septemba ile mwamba uliporomokea nyumba za mtaa wa Champlain, na ya kwao ilikuwamo. Alikimbia kwenda kufukua ndugu zake kwa mikono. Walipona wawili, akawalea. Angerudi vipi kuosha vyombo vya watu?"

"Na kikombe?"

"Jumatatu nilikipeleka kwa sonara, mtaa wa Saint-Paul. Akasoma alama za chini. Kimetengenezwa mwaka 1893. Miaka minne baadaye! Haya, niambie, aliibaje kitu ambacho hakijatengenezwa?"

"Ungekuja tu ukasema."

"Niliandika barua mbili, Ghislaine. Kabla sijaomba kazi hapa. Nani alizisoma?"

Ya kwanza aliisoma Ghislaine. Aliisoma mpaka mwisho, akaisukuma chini ya vipeperushi. Ya pili hakuifungua. Kumhusu Perpétue, daftari la nyumba liliandikwa maneno manne tu, "ameacha kazi, mwezi Septemba", na yeye alilijua. Wizi aliuongeza mwenyewe majira yake ya baridi ya kwanza, alasiri moja wageni wakiangalia saa zao. Wageni walishtuka, wakasogea karibu. Kesho yake akausimulia tena. Mwaka wa tatu mkurugenzi akauchongesha kwenye shaba.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Huo wizi. Niliutunga mimi."

Uso ulimpauka Fernande.

"Miezi mitano nakusikia kupitia ukuta huu," alisema. "Nikidhani maskini, anasoma tu walichoandika wengine."

"Na Wilner? Ulimwona anachukuliwa."

"Nilikuwa nacho kwenye mkoba asubuhi ile, nikirudishe. Nikakuta umeshafika. Nikaogopa, nikaendelea kupokea makoti." Macho yalimjaa machozi. "Lakini mimi hakuniita. Alikuita wewe."

Saa tisa kasoro dakika kumi walikuwa mbele ya Sajenti Drapeau, kikombe na kibao mezani. Fernande alikiri wizi. Ghislaine alifuta maelezo yake ya Jumanne, akaandika mengine, na hakuacha kitu. Kutoka kituoni alipanda basi la Limoilou peke yake.

Wilner alifungua mlango, ghorofa ya tatu. Hakumkaribisha ndani.

"Ulimwambia askari uliniona nimesimama."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Unafuta kioo."

"Na hilo ulimwambia?"

"Hapana. Nisamehe, kaka Wilner. Nimeshawaandikia ukweli."

"Kuwaandikia! Jengo hili zima liliniona nashuka kwenye gari la polisi. Binti yangu anaulizwa ngazini." Alinyoosha kidole chini. "Pita mlango kwa mlango, useme ulivyosema hapa. Anza na mama wa ghorofa ya kwanza, ndiye mwenye mdomo. Ukimaliza, panda, ndipo tuzungumze habari ya msamaha."

Ghislaine alishuka ngazi hadi ghorofa ya kwanza, akasimama mbele ya mlango wa kwanza, akagonga.